Wasia Tuliousaini Sote

Wasia wa kwanza wa baba yangu ulisainiwa na mashahidi saba, na sita kati yao walikuwa warithi au wake za warithi. Mimi nilikuwa mmoja wa hao sita. Nalisema mapema kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo, na kwa sababu mwandiko uliokuwa kwenye karatasi ile ulikuwa wangu.

Baba ana shamba la ekari mbili Mugutha. Zamani lilizungukwa na mashamba mengine. Sasa limezungukwa na kuta za mawe, mageti ya chuma na mabango ya watu wanaouza ploti. Mama alishafariki. Tulibaki watoto wanne: kaka yetu mkubwa, ambaye ana nyumba za kukodisha Mwihoko, dada yangu anayemfuata, mimi, na mdogo wetu. Mimi nakaa Gatongora na ni mtunza stoo katika kiwanda kimoja Thika. Shule niliacha kidato cha pili. Mengine niliyoyajua baadaye niliyasoma mwenyewe saa ya chakula cha mchana, nikiwa na kamusi upande mmoja na daftari upande mwingine.

Dada aliolewa, akarudi. Hatukumuuliza kwa nini na yeye hakusema. Baba alimwonyesha pembe ya shamba iliyo karibu na barabara, futi hamsini kwa mia, akamwambia ajenge hapo. Alijenga vyumba viwili vya mawe kwa pesa za sukuma wiki na maziwa, chumba kimoja mwaka huu, kingine mwaka ule. Kisha baba akapata kiharusi kilichoua upande wake wa kushoto, na tangu siku hiyo dada ndiye aliyemwosha, akamlisha na kumgeuza kitandani. Miaka sita.

Lazima nieleze neno "kumwonyesha", kwa sababu ndilo limeharibu familia nyingi kwetu. Mzee wa huku hampi mtoto shamba. Anamwonyesha. Anatembea naye, anachomeka vijiti, anasema kutoka hapa mpaka pale ni pako. Mtoto anajenga, anapanda ua, anazaa watoto, na hati inabaki na jina la mzee ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mzee akifa, watu wanakwenda ofisi ya ardhi na kukuta kwamba kuonyeshwa hakuandikwi popote. Nimehudhuria mazishi ambako ndugu walianza kurushiana maneno kabla udongo haujakauka, kila mmoja akiapa kwamba alionyeshwa, na shahidi wao wote ni yule aliye ndani ya jeneza.

Sikutaka hayo kwetu. Ndiyo maana nilinunua nakala ya sheria ya urithi katika duka la vitabu mjini Thika, nikaisoma taratibu, nikamwambia baba aandike wasia. Mwanzoni alinitazama kana kwamba nimemletea jeneza kulipima. Wazee wengi wanaamini kwamba kuandika wasia ni kukiita kifo, ingawa hao hao wanalipa pesa za kuzikana kila mwezi bila kuogopa. Hatimaye alikubali. Tulitengeneza orodha: shamba, ng'ombe wawili, pesa za akiba kwenye chama cha ushirika. Tukaandika nani atapata nini. Pembe ya barabarani ilikuwa ya dada. Tukamchagua msimamizi, ambaye ni mimi, wa kuhakikisha yaliyoandikwa yanafanyika.

Siku ya kusaini tulikutana sote nyumbani kwa baba pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Sisi ni watu wa mikutano. Chama kikikaa, aliyehudhuria anasaini. Kamati ya harusi ikikaa, aliyehudhuria anasaini. Baba alisaini kwa mkono wa kulia uliobaki mzima, akasema kila aliye chumbani aweke jina lake chini, ili kesho mtu asije akasema hakuwepo. Tuliona ni busara. Kaka na mkewe walisaini, dada akasaini, mimi na mke wangu, mdogo wetu, na mwisho yule mzee wa kanisa akaweka jina lake kwa herufi kubwa. Tukaomba, tukanywa chai. Nilirudi Gatongora nikijiona mtu aliyefanya kazi nzuri.

Miezi minane baadaye nilikuwa nikimsaidia mfanyakazi mwenzangu kuandika wasia wake, nikakifungua tena kile kifungu cha mashahidi. Mara ya kwanza nilikuwa nimesoma sehemu yake ya kwanza, inayosema mashahidi wawe wawili au zaidi. Sehemu ya pili niliipita. Inasema kwamba mtu akishuhudia wasia unaompa kitu, au unaompa mume au mke wake kitu, zawadi hiyo ni batili, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Sisi tulikuwa na mmoja asiyehusika, yule mzee wa kanisa. Kwa kuweka majina yetu pale ili mtu asije akasema hakuwepo, kila mmoja wetu alikuwa amejifutia alichopewa.

Nilikaa na daftari mbele yangu mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia. Sijawahi kujichukia kwa sababu ya ukurasa mmoja namna ile.

Niliwapigia simu mmoja baada ya mwingine. Kaka aliuliza kama ina maana ile karatasi haipo. Nilimweleza kwamba ipo, ila zawadi zimebatilika, na kwamba tunahitaji tu kuiandika upya yale yale, mbele ya watu wawili wa nje.

"Wakili," alisema. Ndivyo anavyoniita akitaka kunidhihaki. "Kitu kikiandikwa upya, kinaandikwa upya."

Nilisikia furaha katika sauti yake, na nikajua nimefungua mlango ambao singeweza kuufunga.

Kaka alikuwa hajafika Mugutha tangu Krismasi. Sasa alianza kuja kila Jumamosi. Alileta nyama ya mbuzi kilo mbili, soda, mkate wa kukatwa. Alikaa kando ya kitanda akimpigia baba hadithi za Mwihoko. Na hapa ni lazima nieleze jambo la majina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na wa kwanza wa kike jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo baba humwita kaka "baba", na humwita dada "maitu", yaani mama yangu. Si utani. Anamaanisha. Mimi nilipewa jina la upande wa mama, na tangu utotoni ameongea nami kwa heshima fulani ya mbali, kama mtu na mkwe wake. Basi kaka alipoketi pale, baba hakumwona mwanawe tu. Alimwona mzee wake mwenyewe akiwa amerudi na nyama.

Jumamosi ya tatu nilifika nikakuta kaka na mkewe wanapima pembe ya barabarani kwa utepe wa fundi. Walipita chini ya dirisha la baba. Chuma cha utepe kilikuwa kikikwaruza ukuta, na najua baba alikisikia kwa sababu mimi nilikisikia nikiwa getini. Dada alikuwa amepiga magoti akipalilia sukuma wiki zake.

"Dada, shika hapo kwa bikoni ya mpaka kidogo," kaka alimwambia. "Vuta. Vuta vizuri, usilegeze."

Na dada alishika. Alishika ncha ya utepe wa mtu anayempimia kumwondoa, akavuta ukanyooka, akasubiri mpaka mke wa kaka alipoandika tarakimu kwenye simu, kisha akarudi kwenye magugu yake. Nilisimama pale nikiwa na mkate mkononi.  Sikuwazuia, na hilo nalo naliandika.

Ndani, baba alikuwa akila. Mafuta yalimtiririka kidevuni upande ule usiohisi. Dada aliingia, akanawa mikono, akamfuta kidevu kwa kitambaa, akatoka. Baba aliendelea kutafuna akinitazama, na niliona anafurahia. Si nyama tu. Alikuwa amekaa miaka sita bila mtu wa kumbembeleza, na sasa kila Jumamosi kulikuwa na mtu anayetaka kitu kutoka kwake. Nilimwambia tupange siku ya kuandika tena. Akasema hakuna haraka. Nikarudia juma lililofuata. Akasema hakuna haraka.

Hatimaye akakubali. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mashahidi wawili wasiopata chochote, na haikuwa rahisi. Jirani wa kwanza alisema hataki kuitwa kortini. Wa pili alisema jina lake likiwa kwenye karatasi ya kifo cha mtu, mtu huyo akifa watasema yeye alijua. Nikawapata mwalimu mmoja aliyestaafu na mama anayekusanya maziwa ya kijiji chetu kila asubuhi, ambaye kwa miaka hiyo sita amemwona dada akikamua kabla jua halijachomoza.

Tulikaa wanane chumbani kwa baba: sisi ndugu wanne, mke wa kaka, baba mwenyewe, na wale mashahidi wawili kwenye viti vya sebuleni. Nilikuwa nimenakili wasia wote nyumbani, neno kwa neno, na pale kwenye pembe ya barabarani nilikuwa nimeandika jina la dada kama mwanzo. Nikaanza kumsomea baba. Nilipofika hapo aliinua mkono wake wa kulia.

Alisema amefikiri. Pembe ile iende kwa kaka, ambaye ana uwezo wa kuiendeleza. Dada atakaa kwenye vyumba vyake mpaka atakapoolewa tena.

Dada yangu ana miaka hamsini na minane.

Hakuna aliyecheka. Kaka alikuwa akitazama sakafu kwa unyenyekevu wa mtu aliye kanisani. Mkewe alikuwa amefungua pochi yake na anatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nilimwuliza baba kama ameelewa anachosema, kwa sababu sheria inataka mtu awe na akili timamu, na kusema kweli nilitumaini kwamba hana. Alinijibu kwa sauti safi kabisa.

"Huyu ni baba yangu. Baba yako akikuomba kitu, unamkatalia vipi?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa, kwa sababu baada ya kusaini tungekula. Aliweka beseni chini.

"Umesema mashahidi wanahitajika wangapi?" aliniuliza.

"Wawili. Watu ambao hawapati kitu."

"Basi waachilie hawa waende zao. Wa kwanza ni mimi. Nipe kalamu."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikumpa, na sikuiweka chini. Mama wa maziwa ndiye aliyetangulia. Alivuta leso yake mabegani akasimama, akamwita baba guka, yaani babu, akamwambia kwamba hakuja kwa ajili ya hii.

"Guka, mimi naandika lita za watu. Nikiandika uongo nafukuzwa. Hii siandiki."

Mwalimu alikuwa tayari anatafuta kofia yake. Walitoka pamoja, na bila wao hakukuwa na kitu cha kusaini. Kaka alisema watu wa nje siku hizi wamejaa kiburi, na kwamba anaweza kupata wengine wawili Mwihoko kabla ya giza. Baba alisema amechoka, tumwache alale. Kaka alipotoka alipitia jikoni akabeba sufuria ya nyama, akisema isije ikaharibika.

Asubuhi iliyofuata dada alimpelekea baba uji, akamlisha, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo yule anayemwita baba ndiye atakayekuja kumwosha. Kisha alimpigia kaka simu akamwambia vivyo hivyo, akaenda kwa ng'ombe wake.

Kaka alikuja siku hiyo. Mdogo wetu, aliyekuwepo, aliniambia kwamba kaka alimmwagia baba maji akiwa amesimama mbali, shati lake likiwa limeinuliwa lisilowe, na hakumgeuza. Siku ya pili alisema ana wapangaji wa kushughulikia. Siku ya tatu simu yake haikupatikana. Dada alipeleka uji na chakula kwa saa zake, akaweka mezani, akamsaidia kula, akatoka.

Mimi nilifika siku ya tatu jioni kutoka kazini. Harufu ilinipokea sebuleni. Ninafanya kazi karibu na rangi na kemikali za kila aina, na nilisimama kwenye mlango wa chumba cha baba nikiziba pua kwa mkono wa shati kama mtoto. Alikuwa amelala juu ya uchafu wake, umekauka kingo na uko mbichi katikati. Chini ya nyonga ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Aliponiona aligeuza uso ukutani.

Niliijua sheria ile kwa vifungu. Sikujua beseni linawekwa wapi. Sikujua kwamba maji yanatiwa chumvi kidogo, kwamba mtu anageuzwa kwa kuvutwa shuka na si kwa kuvutwa mkono, kwamba mkono uliokufa unatakiwa uegeshwe kifuani kwanza la sivyo unakwenda chini yake na kuvunjika. Nilitoka mara mbili nikatapika kwenye migomba. Dada alikuwa ameketi mlangoni kwake, hatua ishirini, akichambua maharagwe. Nilimwuliza sabuni iko wapi, akaniambia. Nilimwuliza shuka safi, akaniambia. Hakuinuka.

Nilipokuwa namwosha mgongo, baba alisema kwa ukuta, "Hiyo ploti. Fanya upesi."

Nilimwuliza ploti gani, ingawa nilijua, kwa sababu nilitaka alitamke jina la dada. Akasema ya maitu. Ningependa kuandika kwamba alitubu. Sikusikia toba. Nilisikia mtu ambaye mgongo wake unawasha, na aliyekuwa amepiga hesabu siku tatu mfululizo ni nani anayeweza kuutunza. Nilichukizwa naye nikiwa nimeshika kiungo chake mkononi na kitambaa, na niliendelea kuosha.

Dada hakutaka tena wasia. Nilipomwambia tutaurekebisha na kuwaita wale mashahidi warudi, alinijibu kwamba karatasi ambayo mzee anaweza kuibadilisha kila Jumamosi haimfai. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mimi, na daftari zangu zote, nilikuwa nimelichukulia kama dogo: wasia haumpi mtu kitu mpaka mwenyewe afe, na mpaka siku hiyo anaweza kuufuta kwa kuandika mwingine. Alitaka baba amkabidhi ile pembe akiwa hai, ikatwe, iandikwe jina lake.

Kwa hivyo tulifuata njia hiyo. Mpima ardhi alikuja akaweka bikoni mpya. Tulijaza fomu za bodi ya ardhi, ambayo lazima ikubali kabla shamba la kulima halijagawanywa, na bodi huuliza kama familia imeafikiana. Kaka alitangaza kwamba atapinga. Baba alimwita, akamwambia mbele yetu sote maneno ambayo nadhani ndiyo ya mwisho ya kweli niliyosikia kati yao.

"Ukipinga, nahamia kwako Mwihoko. Nitafutie chumba cha chini, siwezi ngazi."

Siku ya bodi tulimpeleka baba kwa gari la kukodi, tukamwingiza kwenye kiti cha magurudumu. Mwenyekiti alimwuliza kama anatoa kwa hiari yake. Alisema ndiyo. Akamwuliza kaka kama ana pingamizi. Kaka alimtazama baba, akasema hana. Nilimwona anajipapasa mifuko kana kwamba amepotelewa na funguo.

Sehemu iliyobaki ya shamba tuliiandikia wasia mpya, na mama wa maziwa na mwalimu wakaweka majina yao, wawili tu. Nakala halisi iko kwa wakili mjini Thika, na kila mmoja wetu anajua iko wapi. Nimekwisha kuwaambia wafanyakazi wenzangu wengi utaratibu huo: orodha, msimamizi, mashahidi wasiohusika, mahali pa kuhifadhi, na kama kuna mtu unayemhofia atanyang'anywa, mpe ukiwa hai. Wananisikiliza vizuri. Kisha wanauliza kama wanaweza kuwaita watoto wote wasaini.

Hati ya dada ilitoka baada ya miezi saba. Niliichukua mwenyewe ofisini nikampelekea siku hiyo hiyo. Nilimkuta jikoni kwake. Alijifuta mikono, akaitoa kwenye bahasha, akaisoma yote akifuata mistari kwa kidole, jina lake, namba, ukubwa. Akairudisha ndani ya bahasha na bahasha ndani ya kabati, akalifunga kwa ufunguo.

Hakunishukuru, na sikuona sababu ya kunishukuru. Aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumanne.

Alikuwa ameshatupangia zamu za kumwosha baba, na Jumanne ilikuwa yangu. Yeye siku tatu. Kaka, mimi na mdogo wetu siku zilizobaki, na kaka hulipia mtu wa kuja kwa zamu yake. Ploti ilikuwa yake sasa, alisema, na baba ni wetu sote.

"Maji yako jikoni," akasema. "Yapoze kwanza. Juzi mdogo wako alimchoma."

Nilivua saa, nikakunja mikono ya shati, nikaenda kuchukua beseni.